Sanduku Jeusi la Lori la Unga

Asubuhi ya Septemba 17, 1961, ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina iliondoka Luano, uwanja wa ndege wa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Ilikuwa ikitumiwa na kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na ilipokuwa ikipaa ilipigwa risasi kutoka chini. Ilifika Léopoldville salama. Mafundi wakaikagua, wakakuta risasi imegonga bomba la moshi la injini moja, wakabadilisha kilichoharibika. Alasiri ileile ikaruka tena, safari hii ikimpeleka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, mjini Ndola, katika Zambia ya leo. Saa sita ya usiku ilikuwa imepita kidogo ilipoanguka msituni, karibu kabisa na mwisho wa safari. Watu 16 walikuwamo. Mmoja aliishi siku chache hospitalini, kisha naye akafa.

Katika msitu ule walikuwamo wachoma makaa. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili, ndogo kuliko ile. Wengine walisema waliona mwali angani kabla ya kishindo. Tume ya serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland iliupima ushahidi wao ikauona mwepesi. Mapema 1962 ikatoa jibu lake: kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule, haikukubali kufunga mlango haraka hivyo. Ilisema haiwezi kuthibitisha sababu wala kuziondoa zile zilizotajwa.

Naanza na ndege, ingawa ninachotaka kuchambua ni unga, mafuta ya dizeli na asidi. Kwa miaka ya karibuni wataalamu wa ugavi wamekuwa wakiazima mbinu za wachunguzi wa ajali ili waelewe kwa nini mizigo haifiki, na wazo hilo linastahili kujaribiwa mahali ambapo mzigo kutofika si habari ya kitabuni. Lubumbashi ni mahali hapo. Luano hupokea vipuri vya migodi, dawa, wageni wenye mikoba myembamba, na bidhaa zinazotoka Kinshasa kwa ndege kwa sababu barabara ya kuaminika ya kuziunganisha Kinshasa na Lubumbashi haipo. Lakini bukari ya jioni, yaani ugali, haitoki Luano. Inatoka kusini, kwa barabara ya kilomita 90 hivi inayoishia Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Ndiyo njia inayoingiza unga na mahindi, mafuta, saruji, sabuni na asidi, na ndiyo inayotoa shaba na kobalti kwenda Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay.

Jumamosi ya Agosti 10, 2024, Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kongo ilikuwa imepiga marufuku kuingiza vinywaji baridi na bia ili kulinda viwanda vyake. Upande wa Kongo kukawa na maandamano. Zambia ikasema usalama wa wafanyabiashara wake hauna uhakika. Baada ya siku chache mpaka ulifunguliwa, mawaziri wakapeana mikono, malori yakaanza kusogea. Mkasa ukaisha hapo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyeuliza tena.

Mchunguzi wa ajali angeanzia palepale ambapo wengine walimalizia. Mtaani kila mtu alikuwa na mkosaji wake: Zambia, au Kinshasa, au wenye viwanda vya bia, au walanguzi wanaoficha mifuko ya kilo 25 mpaka bei ipande. Huenda kila mmoja alikuwa na punje ya ukweli. Shida ni kwamba mkosaji akishapatikana, akili hupumzika. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege, zilizomo katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago tangu 1951, zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama au dhima ni kazi ya chombo kingine. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa na huruma ya ziada kwa marubani. Walikuwa wamegundua kwamba mtu anayeogopa jela hasemi alichokiona, na rubani aliyefukuzwa kazi huacha kiti ambacho mwenzake atakikalia akiwa na vyombo vilevile, uchovu uleule na mnara uleule.

James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza, ndiye aliyelieneza wazo hili kwa picha iliyoshika kuanzia 1990: kinga za mfumo ni kama vipande vya jibini ya Uswisi yenye matundu, na ajali hupita siku matundu yanapolingana. Kwetu jibini hiyo ni nadra mezani, basi tuseme vyandarua. Tundika vyandarua vitano vilivyochoka, kimoja nyuma ya kingine. Kila kimoja kina tundu, ila mbu hakufikii mpaka matundu yote yakae mstari mmoja. Asubuhi ukiwa na homa utamlaumu mbu. Reason angekuuliza ni nani alipaswa kushona, na lini aliacha.

Basi tuvitazame vyandarua vya Kasumbalesa. Kile cha mbele ni akiba: mji wenye ghala za unga wa miezi mitatu hutazama mpaka uliofungwa kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani. Lubumbashi haina raha hiyo; bei sokoni haisubiri hata wiki. Kinachofuata ni chanzo cha pili cha chakula. Mwaka ule wa 2024 Zambia yenyewe ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa tangu Februari 29, mahindi yake yalikuwa machache na yenye vizuizi vya kuuzwa nje, na bwawa la Kariba lilikuwa limeshuka kiasi cha kuinyima Zambia umeme, umeme ambao migodi ya Katanga, eneo la Lubumbashi, nayo huununua. Kwa hiyo kabla lori la kwanza halijazuiwa Agosti, vyandarua viwili vilikuwa vimeshapasuka. Marufuku ya bia ilikuwa mbu tu.

Chandarua cha tatu ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu kilichakaa kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaopanga foleni mpakani. Ni njia mbadala.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mji ulizaliwa pamoja nayo. Waliotawala wakati ule hawakupenda kutegemea mlango mmoja, tena mlango wa Waingereza. Mwaka 1928 reli ikafika Port-Francqui, leo Ilebo, ambako mizigo ilihamia majini kuelekea Léopoldville. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaunganishwa, na shaba ikaanza kutoka kupitia Lobito, bandari ya Angola kwenye Atlantiki. Kwa nusu karne hivi Katanga ilikuwa na milango mitatu au minne. Halafu ikaanza kufungwa, mmoja mmoja, na kila kufungwa kulikuwa na sababu yake nzuri. Rhodesia ilijitangazia uhuru 1965 na mpaka wake na Zambia ukaja kufungwa 1973. Vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela 1975. TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ikafungua njia ya Dar es Salaam, lakini inaanzia Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, kwa hiyo mzigo wa Katanga ulibaki kupita kizingiti kilekile.

Kisha likaja pigo la ndani. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, iliporomokewa na mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto mwezi Septemba 1990. Hilo nalo lilikuwa ajali, na ajali yenye vyandarua vyake: fedha za matengenezo zilizoliwa kwa miaka, vifaa visivyobadilishwa. Shaba ilipopungua, reli ikakosa cha kubeba, na reli isiyobeba haina cha kununulia mataruma. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na shirika la reli, pamoja na migodi, likapoteza wafanyakazi wengi wenye ujuzi. Waliochochea ule mkasa hawakuwa wakifikiria mahindi. Lakini ukiuliza kwa nini mwaka 2024 mji mzima ulining'inia kwenye geti moja la barabara, jibu la kweli linapita hapo, katika mabehewa yaliyowapeleka mafundi wa reli Mwene-Ditu, huko Kasai, bila tiketi ya kurudi.

Jens Rasmussen, mhandisi wa Denmark, alipendekeza mwaka 1997 namna ya kuchora haya yote kwenye karatasi moja. Chini kabisa unaweka tukio: lori limesimama. Juu yake walioligusa, halafu kampuni, halafu wakaguzi na forodha, halafu serikali, na mishale ikipanda kuonyesha uamuzi upi wa juu ulitengeneza hali ipi ya chini. Nimejaribu kuichora Kasumbalesa hivyo. Nilichogundua ni kwamba mishale mingi hukutana katika ngazi ya serikali, wakati lawama nyingi humwangukia wa ngazi ya chini kabisa, dereva na karani. Karatasi yangu ilijaa kabla sijafika 1975, lakini hata nusu yake ilikuwa na manufaa.

Tuitumie kwa reli yenyewe. Novemba 12, 2017, treni ya mizigo iliyotoka Lubumbashi kuelekea Luena ikiwa na matangi ya mafuta ilianguka bondeni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Machi 2022, katika mkoa wa Lualaba, treni nyingine ya mizigo iliacha reli na watu 75 wakafa. Mara zote mbili ilielezwa upesi kwamba waliokufa walikuwa abiria wa kudandia, wasioruhusiwa. Ni kweli. Ila tamko hilo hufanya kazi ya ajabu: linageuza vifo kuwa kosa la marehemu. Ukipanda ngazi moja tu unauliza kwa nini mama mwenye magunia adandie behewa la mafuta, na jibu ni kwamba treni ya abiria ni ya kubahatisha na barabara hazipitiki masika. Mnyororo wa ugavi wa vijiji vya huko unapita juu ya mapaa ya mnyororo wa ugavi wa migodi. Meneja wa ugavi aliyeko Lubumbashi anayehesabu matangi tu hatauona ule wa pili mpaka siku maiti zitakapomsimamishia njia.

Nimezungumza mno juu ya yaliyokwisha kutokea. Mbinu yenye faida kubwa zaidi waliyobuni watu wa anga inahusu yale yaliyokaribia kutokea, yaliyoponea chupuchupu. Desemba 1, 1974, ndege ya TWA, safari 514, iligonga mlima Virginia ikikaribia uwanja wa Dulles. Watu 92 walikufa. Ramani ya kushukia na maneno ya mnara yaliwafanya marubani waamini wanaruhusiwa kushuka chini mapema kuliko ilivyo salama. Baadaye ikajulikana kwamba wiki sita kabla, ndege ya United ilikuwa imefanya kosa lilelile mahali palepale na kunusurika. United iliwaonya marubani wake. Haikuwa na njia ya kuwaonya wa TWA. Kutokana na aibu ile Marekani ikaanzisha mwaka 1976 mfumo wa kupokea taarifa za chupuchupu bila kutaja majina, na ukapewa NASA kuutunza, kwa kuwa marubani wasingemwandikia yuleyule mwenye mamlaka ya kuwanyang'anya leseni.

Sasa fikiria asidi. Mawe mengi ya shaba na kobalti ya Katanga huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kwa hiyo asidi hiyo, au kiberiti chenyewe cha kuitengenezea, husafiri kwa lori mamia ya kilomita katikati ya vijiji, minada ya mbuzi na wanafunzi wanaorudi nyumbani. Februari 20, 2019, lori la asidi lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na basi dogo katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Karibu watu 20 walikufa, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Dereva wa malori yuko katika nafasi nzuri kuliko ofisi yoyote kujua ni kona ipi breki huanza kunuka, ni saa ngapi mabasi madogo hupishana kwa papara, ni mlima upi tangi lisilojaa huyumba. Hayo yote ni chupuchupu, na Katanga inayo maelfu kila mwaka. Kampuni moja ikijua jambo, inalifungia kabatini pamoja na mikataba. Mshindani wake atalijua kwa damu. Dereva naye akisema, anakatwa posho au anaambiwa wapo vijana wengi wanaotaka usukani wake.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningesema daftari la pamoja la chupuchupu za barabara na mpaka, lisilo na jina la dereva wala la kampuni. Mwenye kulitunza asiwe forodha, asiwe polisi, asiwe mwajiri. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kingeweza kuwa NASA yetu. Kina watu wa uhandisi, wa sheria na wa lugha, na hilo la mwisho si dogo, maana dereva wa Kitanzania, wa Kizambia na Mlubumbashi hawazungumzi Kiswahili kimoja, na karani wao anaandika Kifaransa.

Lakini mbinu hii ina mipaka, na nisiposema nitakuwa nauza dawa ya kila ugonjwa. Ajali ya ndege ni kitu ambacho hakuna aliyemo ndani anayekitaka. Foleni ya Kasumbalesa inalisha watu. Yuko anayeuza maji, anayepangisha kivuli, anayeuza nafasi ya mbele, anayeweka muhuri leo badala ya kesho kwa ada isiyo na risiti. Ucheleweshaji ukiwa mshahara wa mtu, kuuita hitilafu ni kumkosea adabu. Hapo kanuni ya kutotafuta mkosaji inageuka kuwa kichaka cha kujificha, na anayehitajika ni mwendesha mashtaka. Wachunguzi wa anga wenyewe wanalijua hilo: pakiwa na dalili za shambulio, faili hupelekwa kwingine.

Tena kuna kuvunjika kwa mnyororo ambako ni sera. Februari 22, 2025, Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje kwa miezi minne kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya; ikaongeza mitatu; kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vivyo hivyo 2027. Kwa kiwanda cha betri huko China ile ilikuwa ajali ya ugavi, na bila shaka kuna mtu alichora mishale yake hadi ikafika Kinshasa akaandika pale "chanzo". Ukikaa Lubumbashi unaona nchi inayotoa sehemu kubwa mno ya kobalti ya dunia ikijaribu, kwa mara moja, kushika bomba la maji yake. Ramani ya ajali haina upande, lakini mchoraji anao. Anayeanza kuchora huchagua ni kitu gani kiitwe kuharibika.

Hilo linanirudisha Ndola. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichorudisha maswali ya 1961 mezani. Mwaka 2013 tume ya wanasheria wa kujitegemea ikaona kuna ushahidi wa kutosha kuufungua upya uchunguzi, na kuanzia 2015 Umoja wa Mataifa ukamkabidhi kazi hiyo Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Katika ripoti yake ya 2017 alisema inaelekea kuwezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje ya ndege lilichangia. Katika ripoti zake amerudia jambo ambalo meneja yeyote wa ugavi angelitambua: taarifa zinazokosekana haziko chini ya majani huko msituni, zimo katika kumbukumbu za serikali chache zinazojua zinachokificha, na serikali hizo hujibu barua polepole. Vyandarua unaweza kuvikagua vyote, tundu kwa tundu, lakini mwenye nyumba akikataa kuwasha taa utaishia kupapasa.

Na wachoma makaa? Mashahidi wa Kiafrika walipofika mbele ya tume ya Shirikisho ya 1962, uzito wa maneno yao ulipimwa kwa mizani ya Rhodesia ya wakati ule. Zaidi ya miaka 40 baadaye Göran Björkdahl, Mswidi mfanyakazi wa misaada, aliwatafuta waliosalia vijijini karibu na Ndola, akawakuta wazee, akawauliza waliona nini usiku ule. Baadhi yao walimwambia kwamba tangu siku ile hakuna ofisa aliyewahi kuwauliza.

Madereva wanaolala chini ya malori yao Kasumbalesa usiku huu wana umri wa wajukuu wa wazee wale. Wanajua geti lilifungwa saa ngapi, nani alipita, kwa kiasi gani, na ni lori lipi lilibaki mpaka unga wake ukaota ukungu. Wengi wao wanayo yote hayo kwenye simu, pamoja na picha.